Mita Sita Chini ya Maji

Umma wote wa bondeni ulitangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba ramani mpya ya mto wa mpakani imekamilika, na kwamba ardhi yote inatakiwa kuifuata mara moja.

Mpimaji Mkuu, aliyeichora ramani hiyo bila kubanduka kitini ofisini, alishangaa kusikia kuna mbishi. Mama mmoja mfyatua matofali alikuja kuomba hati ya kiwanja chake. Bila hati, nyumba yake ingebomolewa mwisho wa mwezi. Kwenye ramani, kiwanja kilikuwa katikati ya mto.

"Mama, wewe unaishi mita sita chini ya maji," alimweleza kwa upole.

"Baba, mbona matofali yangu yanakauka kwa siku tatu tu? Njoo uone."

"Hilo la kukauka si la idara hii."

Mama alikuwa king'ang'anizi. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la wageni na vumbi lake lote, mpaka Mkuu akaenda kukagua, shingo upande, kavaa boya la kujiokolea. Alikaa uani kwa mama muda wa saa tatu, jua likamchoma hasa, akaandika ripoti kama kanuni zinavyotaka: mahali, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Akahitimisha kuwa mto upo palepale ulipopangiwa.

Makao makuu waliisoma kwa makini. Saa tatu, mita sita chini ya maji! Ijumaa Mkuu alikuta picha yake ukutani ina utepe mweusi.

"Pole kwa msiba, Mkuu," karani alisema. "Nchi ya ng'ambo tumeiomba itusaidie kutafuta mwili."

"Mwili gani? Si mimi huyu!"

"Sasa tubishane na ramani, Mkuu? Labda ulete shahidi."

Alikimbia hadi kwa mama, akamkuta anageuza matofali.

"Mama, niandikie kwamba nilikaa hapa, pakavu, nikiwa hai."

"Ningekuandikia, baba. Ila mkaazi wa mtoni ushahidi wake nani ataupokea? Anza na hati yangu."

Mkuu alitoa fomu na mhuri mkobani. Aliandika kiwanja kikavu, akasaini, akagonga mhuri wa tarehe ya Jumatatu, kabla ya ukaguzi, siku aliyokuwa bado hai.

Mama aliisoma yote, akaikunja, akaitia kifuani.

"Asante. Sasa kaa pale kwenye matofali usubiri. Hilo lako la kuwa hai nitalishughulikia, lipe siku tatu."