Mgao wa Wezi Watatu

Gari la serikali lilipita na kipaza sauti, likatangaza sokoni Malindi na likatangaza Ganda kwa haraka kwa sababu mafuta yalikuwa yanakwisha, kwamba kuanzia mwezi wa Machi, mwaka huo wa themanini na sita, wizi umekomeshwa. Wananchi waliozoea kuibiwa waliombwa kufanya mipango mingine. Idara mpya ya Maadili Mema na Urekebishaji wa Wezi ilikuwa imefunguliwa rasmi, na mwizi yeyote mwenye nia ya kuwa mtu mwema ajiandikishe dirisha la pili, saa za kazi, akiwa amevaa viatu.

Makao makuu yalikuwa yamekwisha kukadiria mambo. Malindi ilipewa mgao wa wezi watatu. Si kwamba wezi walikuwa watatu. Wezi walikuwa tele. Lakini vyeti vilivyochapishwa vilikuwa vitatu, na serikali haiwezi kumrekebisha mtu asiye na cheti.

Wa kwanza kufika dirisha la pili alikuwa Charo wa Ganda. Waliomwona walidhani amekuja kuiba dirisha. Ukweli ni kwamba Charo alikuwa na jambo linalomla roho. Alikuwa amemwibia shangazi yake Kadii, mwanamke aliyemlea tangu anatambaa, na alichomwibia ni mume.

Mume mwenyewe, mzee Randu, alikuwa marehemu. Lakini alikuwa na kigango chake, ile nguzo ya mbao iliyochongwa kichwa na mabega, ambayo Wagiriama humsimamishia mzee wa heshima akishafariki ili roho yake ipate pa kukaa. Humfunga vitambaa, humwagia tembo la mnazi, humweleza habari za nyumbani. Charo, siku moja ya njaa, alijiambia mbao ni mbao, akaking'oa na kumuuzia dalali wa vinyago mjini. Tangu siku hiyo Kadii hakupata usingizi wa maana, kwani mumewe alimjia ndotoni na malalamiko mapya kila mara. Bibi wa watu akazunguka kijiji kizima akiuliza ni nani aliyemchukua mzee wake, na Charo akazunguka naye akimsaidia kuuliza. Hapo ndipo alipojiona kuwa ni mtu mbaya.

Wa pili kujiandikisha alikuwa Saad wa mji wa kale, fundi ambaye kufuli zilimfungukia kwa adabu. Wa tatu alikuwa Shekha wa Mambrui. Huyu aliwahi kuwauzia watalii wawili kiwanja kimoja cha ufukweni, na kiwanja chenyewe kilikuwa kinaonekana maji yakipwa tu.

Mafunzo yalikuwa ya hali ya juu. Walifundishwa kumwamkia mtu bila kumtazama mfukoni. Walipitishwa penye kamba za nguo wakiwa wamefumba macho. Idara ilipopoteza ufunguo wa ghala lake, Saad aliombwa alifungue, kwa mara ya mwisho maishani mwake, kwa niaba ya serikali. Na wiki iliyofuata akaombwa tena. Sheria moja haikuvunjwa kamwe: hakuna mwizi kuingia ofisi ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi, Bwana Joram, alikuwa msomi wa Kaloleni, na alivaa suti ya vipande vitatu. Joto la Machi la Malindi halijali elimu ya mtu, kwa hiyo serikali ilimwekea mashine ya baridi, na katika ofisi zote za mji hapakuwa na nyingine. Alisifiwa sana kwa kufanya kazi katika hali ngumu.

Mkurugenzi ndiye aliyewaeleza kuhusu Tendo la Marejesho. Siku ya kuhitimu, mbele ya mgeni rasmi kutoka Nairobi, kila mwizi atarudisha hadharani kitu kimoja alichoiba, kisha apewe cheti. Saad alikuwa na kufuli moja nzuri ya shaba. Shekha alisema kiwanja kitajirudisha chenyewe siku hiyo alasiri. Charo akaenda mbio kwa dalali, akakuta duka limegeuka kuwa kinyozi.

Akaenda kwa shangazi yake amekata tamaa. Alimkuta barazani akimenya mihogo, macho mekundu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Randu kaja tena. Safari hii alilia."

Charo akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua, mzee amesema nini.

"Asema pale alipo pana baridi, wala si baridi ya Mungu. Asubuhi huja mtu akamvika koti la majasho, adhuhuri akaja akamvua, na hata shikamoo hampi. Mume wangu hakuvaa koti maisha yake yote, Charo. Nani humfanyia hayo?"

Charo hakuwa mtu wa kuamini ndoto. Lakini alikuwa mtu wa kuamini anwani, na hii ilikuwa anwani kamili. Baridi isiyo ya Mungu, Machi, Malindi, na koti. Aliaga bila kumaliza muhogo wake.

Wezi watatu walikutana nyuma ya soko kulijadili jambo hilo kwa mujibu wa mafunzo yao. Je, mtu aliyebakiza siku chache tu kuwa mwema anaweza kuvunja ofisi ya wema? Saad alipendekeza waende kwa kadhi, kisha akaondoa pendekezo lake kwa sababu jibu alikuwa analijua. Shekha alisema kitu cha wizi kikitoka kwenda kwa mwenyewe hakijaibwa, kimechoka kutembea. Hoja hiyo ikapita.

Siku ya sherehe, Mkurugenzi alikuwa uwanjani tangu asubuhi na kizibao chake, akipanga wananchi kwa urefu. Koti alilitundika ofisini, alitwae mgeni atakapokaribia. Wezi walikuwa wameagizwa kubeba samani za jukwaani. Mlangoni alisimama askari Lewa, mtu mtiifu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na amri mbili: wezi wasiingie, na samani zote zitoke. Alikuwa amezitafakari hadi jasho likamtoka.

"Hicho mnachokitaka ni samani?" akauliza.

"Bwana Mkurugenzi hutundikia koti," alisema Shekha.

"Basi ni samani," alisema Lewa kwa faraja kubwa, akawapisha.

Saad akaujaribu mlango wa Mkurugenzi, akaukuta uko wazi. Alihuzunika. Akaufunga kwanza, kisha akaufungua kwa kijiti chake, ili ujuzi usipotee. Ndani, kwenye baridi kali, alisimama mzee Randu kando ya mashine, koti la kijivu mabegani. Charo alipomwona akamwamkia, akamwomba radhi, na akataka kumvua lile koti. Shekha akamzuia mkono. Wakimtoa bila koti, alisema, watu wataona kigango. Wakimtoa na koti lake, wataona Mkurugenzi.

Ikawa hivyo. Walimpitisha mjini wamemsimamisha katikati yao, na watu wakamwamkia kwa heshima zote. Mwalimu mmoja alimfuata hadi posta akimwomba uhamisho, akashukuru kwamba kwa mara ya kwanza amesikilizwa bila kukatizwa.

Mgeni rasmi alifika alasiri, akasoma ukurasa mzima wa hotuba ya upandaji wa miti, akaletewa hotuba yake, akaanza upya. Saad akarudisha kufuli. Shekha akanyoosha kidole baharini, watu wakapiga makofi. Kisha likaitwa jina la Charo.

Charo akamsimamisha mzee mbele ya jukwaa. Alimtafuta shangazi yake katika safu ya mbele, akamkabili, ingawa hili hakufundishwa na Idara yoyote.

"Shangazi, ni mimi niliyemng'oa. Nimemrudisha."

Kadii akainuka, akapita mbele ya Charo bila kumtazama, akampapasa mumewe usoni. Kisha akashika ukosi wa koti.

"Na koti ni la nani?"

"Langu hilo!" alisema Mkurugenzi kutoka jukwaani. Alikuwa amelitafuta tangu adhuhuri, na lilikuwa koti la London.

Mgeni rasmi akageuka polepole. Akauliza koti la Mkurugenzi lilifikaje mabegani mwa mali ya wizi. Mkurugenzi akajibu kwamba kifaa hicho kilikuwa ofisini mwake kwa matumizi ya utawala, na kwamba yeye hakujua ni kitu gani.

"Mwanangu," Kadii akamuuliza, "wewe ni wa mbari gani?"

"Mimi ni wa ngazi ya tatu ya utumishi."

"Nimekuuliza mbari."

Akaitaja kwa sauti ndogo. Wazee wakatikisa vichwa, kwani mbari ile ina vigango vyake hukohuko Kaloleni, na hakuna mtoto wake asiyevijua.

Mgeni rasmi aliyasoma masharti ya Idara kwa sauti. Anayekutwa na mali ya wizi huenda kwa polisi, isipokuwa akiirudisha hadharani, na hapo huhesabiwa mwizi aliyerekebika. Mkurugenzi akarekebika papo hapo. Shida ilikuwa moja tu: vyeti ni vitatu na wezi sasa ni wanne. Charo, aliyekitaka cheti kile ili siku moja amwonyeshe shangazi yake, akasema Mkurugenzi apewe chake. Bwana Joram akapigwa picha akipeana mkono na mgeni rasmi.

Alipoomba koti lake, Kadii alimjibu kwa upole kwamba nguo aliyovikwa kigango haivuliwi na aliye hai. Kisha akamgeukia Charo.

"Mbebe. Uliyemtoa ndiye utakayemrudisha. Na usiku uje ule kwangu."

Charo akambeba mzee hadi Ganda, akilia njiani bila kujificha.

Kwa mujibu wa masharti, wenye vyeti walitakiwa kufagia soko wakisimamiwa na raia asiye mwizi. Idara ikachunguza, ikaona kwamba Charo hana cheti, na kwa kuwa hana cheti hakuna ushahidi wa kiserikali kwamba aliwahi kuiba. Akateuliwa msimamizi. Saad na Shekha walifagia vizuri. Bwana Joram alihitaji kuonyeshwa ufagio unashikwa wapi, na Charo alimwonyesha kwa subira.

Jumatatu ya pili Charo alifika sokoni akamwita pembeni.

"Shangazi kalala vizuri wiki nzima," alimwambia. "Mzee hana baridi tena, na koti limemkaa. Ila jana kaja kuulizia tai."

Bwana Joram aliutazama ufagio. Akatazama watu wa soko, ambao walikuwa wameacha kupima vitunguu. Kisha akaipandisha mikono shingoni na kuanza kufungua fundo.