Mgonjwa Mkaidi Namba Arobaini na Moja

Mwaka 1984 ilitangazwa, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba tatizo la wagonjwa kutopona limepatiwa mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Dokta Patrisi Tluway, dokta wa vitabu, si wa sindano, jambo alilolazimika kulieleza kila mahali watu walipoanza kumfunulia vidonda.

Nadharia yake ilikuwa safi. Dawa ikitoka dirishani salama na mgonjwa asipone, kosa ni la mgonjwa. Akafika zahanati moja karibu na Rhotia na fomu za maswali themanini na manne, akaketi kando ya dirisha la Mama Bernadina, aliyekuwa akigawa dawa hapo kwa miaka kumi na tisa, akaanza kuchambua umma.

Mgonjwa wa arobaini, wa mwisho katika orodha yake, alikuwa mzee Ngoyai, mfugaji aliyetembea tangu alfajiri kutoka upande wa Ngorongoro. Alikuwa amepewa vidonge kumi vya malaria, na homa imerudi.

“Mzee, dozi ulimaliza?”

“Iliisha.”

“Uliimaliza wewe?”

“Mimi vitano, mama Naishorua vitano. Naye alikuwa anatetemeka. Ningemtazama tu?”

Patrisi akatafuta kisanduku cha kujazia mke. Hakikuwepo. Kulikuwa na “Mtiifu” na “Mkaidi”. Akaweka tiki kwenye Mkaidi, roho ikatulia, maana sayansi haina shemeji.

Jumapili moja alishuka kupumzika Mto wa Mbu, mahali ambapo jina lenyewe lilikuwa limeshamwonya. Wiki mbili baadaye meno yalikuwa yanagongana. Bernadina akampa klorokwini: vinne leo, vinne kesho, viwili kesho kutwa. Alimeza vinne vya kwanza kwa nidhamu ya kitaifa. Kufika adhuhuri mwili ukaanza kumuwasha. Alijikuna kwa kalamu, akajikuna kwa rula, mwisho akajisugua kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe mwenye kupe, huku wagonjwa wakimpisha kwa heshima. Vidonge sita vilivyobaki akaviweka mtotoni mwa meza, akaandika juu yake “Sampuli”.

Juma lililofuata homa ilirudi na ndugu zake. Bernadina alivuta fomu mpya, akachukua kalamu.

“Dozi ulimaliza, Dokta?”

“Niliisitisha kwa muda. Kwa sababu za kitaalamu.”

“Zipi?”

“Iliwasha.”

“Mkaidi,” alisema Bernadina, akaweka tiki. “Namba arobaini na moja.”

Patrisi angecheka, lakini siku ileile ilifika barua nyingine. Kamati ya Afya, ili kuokoa muda, ilikuwa imepitisha azimio kabla ya kusikiliza utafiti: kila mkaidi atanyimwa dawa kwa miezi sita. Yeye alitakiwa kuleta majina tu. Patrisi aliisoma mara mbili, akamwona Ngoyai akitembea kutwa nzima kuja kufungiwa dirisha. Fomu ya arobaini na moja ingeweza kupotea kirahisi; katika utumishi karatasi hupotea kila siku bila jasho. Aliikunja, akaikunjua. Aibu ilimuwasha kuliko klorokwini.

Kamati ilikutana palepale zahanatini. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye suti ya Kaunda na kikohozi kizito. Wagonjwa, Ngoyai akiwemo, walijazana mlangoni.

“Tuanze na mkaidi sugu kuliko wote,” aliagiza Mwenyekiti. “Aliyepewa dawa, akaelezwa, ana elimu, na bado akakataa. Yupo?”

“Yupo, Ndugu Mwenyekiti.”

“Asimame!”

“Nimeshasimama,” alisema Patrisi. “Ni mimi.”

Akaeleza yote, hadi mwimo wa mlango. Kisha akasema kwamba mzee Ngoyai aligawa dawa kwa huruma na yeye aliiacha kwa kujikuna, na kwamba fomu haikuona tofauti kwa sababu mtunzi wake alikuwa mjinga. Alitaja na jina la mtunzi.

Mwenyekiti alikohoa. “Azimio halikulenga wasomi. Lililenga wananchi.”

Hapo Bernadina akafungua daftari lake la sindano. “Basi na viongozi tuwatoe, Ndugu Mwenyekiti? Maana mwezi wa pili uliandikiwa tano za penisilini kwa hicho kikohozi. Ulikuja mbili.”

“Nilikuwa na majukumu!”

“Na mimi nilikuwa na mke,” alisema Ngoyai kutoka mlangoni.

Azimio lilifutwa kwa kauli moja, muhtasari ukaandika kwamba suala lilijadiliwa kwa kina. Wajumbe walitoka haraka kuliwahi Land Rover. Mwenyekiti peke yake alibaki nyuma, akakisogelea chumba cha sindano, akanong'ona:

“Mama, hizo tatu zilizobaki zinapatikana?”

Bernadina alikuwa ameshachemsha sindano.

“Tatu zimepitwa na wakati, Ndugu Mwenyekiti. Tunaanza upya, tano. Fungua mkanda.”