Vifungo vya Mama Ndani ya Resini

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimeudhika. Nilikwenda sokoni kununua matufaha, nikakuta watu wameizonga meza ya dada yangu Lucille kama siafu. Hereni za popo. Mikufu ya mafuvu. Vibanio vya nywele vyenye macho yanayong'aa gizani. Vyote vya resini, ile gundi nzito inayomiminwa kwenye kalibu ikaganda ikawa kama kioo. Vyote vimetoka jikoni kwake mwenyewe.

Nilijibanza nyuma ya rundo la maboga. Bibi Pfister wa duka la dawa akanifuma hapo hapo. Akasema dada yangu ana mikono ya dhahabu, kisha akaniuliza mimi nina nini. Nina nini! Nimeendesha basi la shule hapa Ashby Creek mpaka nikastaafu, na sijagonga hata kuku. Akasema hilo halivaliwi masikioni.

Basi, mpango. Maonyesho ya Halowini kwenye ukumbi wa zimamoto ni mwisho wa mwezi. Kazi ya mshindi huwekwa kwenye dirisha la ukumbi mwaka mzima, hata asiyetaka kuiona ataiona. Dirisha hilo Lucille amelifanya kama la kwake. Safari hii litakuwa langu. Sitamwambia mtu yeyote. Nimemwambia Bobbie, lakini Bobbie ni mke wangu, hahesabiki.

Bobbie aliuliza kama si rahisi zaidi kumpigia simu dada yangu tukazungumza. Hatujazungumza vizuri tangu tulipomzika Mama. Mwenye kosa anajijua.

Jumatatu, 16 Oktoba

Resini imefika. Chupa mbili: moja ya resini yenyewe, nyingine ya kigandishi. Karatasi ya maelezo inasema changanya sawa kwa sawa, kidogo kidogo, koroga taratibu, subiri siku nzima au zaidi. Taratibu! Karatasi hii imeandikwa na mtu asiye na adui.

Nimechanganya ndoo nzima gerejini. Kigandishi nimekizidisha ili mambo yaende haraka. Yakaenda haraka. Ndoo ilianza kupata joto, kisha ikatoa moshi, kisha ikalainika kama siagi na kukaa chini yenyewe. Nimeisukuma nje kwa koleo la theluji. Koleo nalo limeganda humo.

Bobbie alifungua mlango wa jikoni, akapaza sauti, "Wewe Merle! Umechoma nini tena?"

Nilimjibu kwamba ni majaribio. Akafunga mlango.

Alhamisi, 19 Oktoba

Wazo zuri sana! Vitu vya kweli ndani ya resini. Nimeokota majani mekundu ya mti wa mbele, na buibui wanne waliokufa dirishani. Juzi nilivimiminia resini. Leo nimevitoa kwenye kalibu. Majani yalikuwa na unyevu, yamegeuka rangi ya mchuzi uliolala. Buibui wamezungukwa na mapovu, utadhani wanakunywa soda. Bobbie alinusa hereni moja, akasema kwa upole kwamba hereni haitakiwi kunuka.

Lucille hana mapovu. Kuna siri. Nikaamua kupeleleza.

Nilihitaji kisingizio, nikachukua ngazi. Nilipanga kusema nimekuja kumrudishia ngazi yake, na wakati anaihangaikia, mimi nachungulia jikoni. Alifungua mlango akiwa na glavu na barakoa. Akaitazama ngazi. Akanitazama. Akasema, "Asante, Merle," akaipokea, akafunga mlango.

Ngazi ilikuwa yangu.

Jumapili, 22 Oktoba

Mvua. Bobbie amekwenda kanisani. Nimelishusha kopo la vifungo vya Mama kutoka juu ya kabati.

Nieleze, kwa kuwa hakuna anayesoma. Mama yetu, Eunice, alikuwa akishona mavazi ya Halowini ya watoto wa mtaa mzima, ya usiku ule wa kujigeuza mizimu na kugonga milango kuomba peremende. Mapazia ya zamani yaligeuka kuwa joho la mchawi, blanketi likawa dubu. Kila vazi lilipochakaa alikata vifungo na kuvitia koponi. Siku ya mazishi, nyumba imejaa watu na pai za maboga, mimi nililichukua kopo na kuliweka garini, chini ya koti langu. Ilikuwa lazima mtu alichukue. Lucille aliligundua kabla pai hazijaisha. Maneno tuliyoambiana jikoni siyaandiki.

Leo nimevimwaga mezani. Vyeusi, vya shaba, vya mbao, vingine vina nyuzi bado. Nimekaa navyo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kifungo kitupu, kisichoshika nguo yoyote, ni kitu cha ajabu. Kimebakiwa na matundu tu, mahali pa kushikiliwa.

Kisha likanijia wazo. Kifungo cheusi ndani ya resini ya manjano ni jicho la paka! Cheupe ni jicho la mzimu! Lucille hawezi kuniiga, kwa sababu vifungo ninavyo mimi.

Bobbie aliporudi aliviona vimepangwa kwenye kalibu. Aliuliza kama nimemwambia Lucille. Nilisema urithi ni wa kutumiwa, si wa kufungiwa kwenye kopo. Alitundika koti lake polepole sana, kama afanyavyo asipokubaliana nami.

Safari hii kigandishi nimekipunguza. Nimejifunza kutokana na ndoo.

Jumamosi, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Meza yangu ilipendeza. Kitambaa cheusi, maboga mawili, macho ya paka yakinikodolea kutoka kila upande. Watu walisimama! Bibi Pfister mwenyewe alisema, "Loo, Merle!" akajipachika hereni. Nilimwona Lucille ng'ambo ya ukumbi akinyoosha shingo. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Kumbe ukumbi una joto, gereji yangu ina baridi. Resini ambayo haikuiva ikaanza kunata. Hereni ya Bibi Pfister ilishikana na nywele zake. Bangili ilinasa kwenye joho la mahameli la mwalimu wa muziki, akawa anavutana nayo. Kapteni wa zimamoto, Gus Wojcik, ndiye mwamuzi. Aliinua bruchi, lile pambo la kubana kwenye nguo, ili aitazame kwa karibu, ikagusa masharubu.

Ilibidi yakatwe. Upande mmoja. Amekuwa na masharubu hayo tangu ujana wake.

"Usijali, bwana," aliniambia, lakini aliniambia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Watu waliondoka mezani pangu kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniumiza. Nikabaki na kitambaa kilichoshikana na kila kitu. Ndipo Lucille akaja. Nilijiandaa kwa kejeli. Hakutoa kejeli. Alikuwa anatazama mkufu mmoja, wenye kifungo cha kijani kilichomeguka pembeni.

"Hiki nilikitafuna mimi," alisema. "Mwaka ule niliokuwa chura. Nilikuwa naogopa kugonga milango ya watu, nikawa nakitafuna njia nzima. Mama alisema chura hali nguo zake."

Nilisema sikumbuki.

"Ungekumbukaje? Ulikuwa boga. Ulikuwa umelala kwenye toroli."

Nilingoja aseme neno kopo. Badala yake alikunja kitambaa changu na kila kilichonata humo, akakipakata kama mtoto, akasema niende kwake Jumatatu. Akasema nisilete ngazi.

(Dirisha amepewa Lucille.)

Jumatatu, 30 Oktoba

Nimekwenda. Jikoni kwake kuna joto, madirisha yamefunguliwa kidogo, kila kitu mahali pake. Alinivisha glavu. Tulikwangua ule unato kwa kipande cha mti na pombe kali ya kusafishia, kipande kimoja kimoja, kisha akapima resini na kigandishi sawa kwa sawa, akanipa kijiti nikoroge. Nilikoroga. Akasema taratibu. Nilipunguza. Akasema, "Taratibu, mdogo wangu, hakuna anayekufukuza." Kumbe siri ya mapovu ni hiyo tu. Ukikoroga kwa hasira, unaingiza hewa.

Kisha, akimimina, bila kuniangalia, alisema: "Mimi sikulitaka kopo, Merle. Ungeniomba ningekupa. Nilitaka uniulize, basi. Siku ile ulimuuliza kila mtu kama amekula. Mimi hukuniuliza kitu."

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi tangu siku ile, hata moja halikuwa la swali hili. Nilisema, "Umekula?" Lilitoka lenyewe. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akawa analia, kisha akanifokea kwa sababu machozi yakidondokea resini yanaiharibu.

Tulikula mkate na supu ya mahindi. Nilimwambia achague kifungo chochote. Alichagua cha mbao, cha kawaida kabisa, hakijavunjika wala nini. Sikumuuliza kwa nini. Natamani ningemuuliza.

Jumatano, 1 Novemba

Jana ilikuwa Halowini nzuri kuliko zote tangu Mama afariki. Lucille alikuja akaketi nasi barazani, bakuli la peremende magotini. Watoto walipanda ngazi wakiwa mizimu na majambazi, na kila mmoja alivishwa jicho la paka. Hakuna lililonata. Gus Wojcik alipita akiwa amenyoa masharubu pande zote mbili, akasema mkewe anasema amekuwa kijana. Lucille alicheka, akaniegemea bega kidogo. Sikulitikisa bega ili asiondoke.

Alipokuwa anaaga alipendekeza maonyesho ya Krismasi tuwe na meza moja, jina moja, sisi wawili. Nilikubali. Nilikubali kwa moyo wote, naandika hivyo na ni kweli.

Asubuhi hii nimejiandikisha pia kwa meza ya pili, kwa jina la Bobbie. Mishumaa! Lucille hajui chochote kuhusu mishumaa. Waamuzi wa Krismasi wanapenda harufu, kila mtu anajua hilo. Nimenunua nta nyingi na mafuta ya msonobari, nimevificha chini ya sinki.

Mchana Lucille amepiga simu kutualika chakula cha jioni, tupange meza yetu. Nimemwambia siwezi, nina mafua, nikakohoa. Bobbie ameniuliza kwa nini nimemdanganya dada yangu. Nimemjibu kwamba sijamdanganya mtu. Nta ilikuwa imeshika moto kwenye jiko, yeyote angekohoa.