Stesheni Iliyouzwa Dirishani

Mpango mkubwa kuliko yote aliyowahi kuipanga Asali ulianza na mafuta ya viazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati ambao wenye kazi wako kazini na wasio na kazi, kama wana haya, wanazitafuta. Asali alikuwa kitandani, anakula viazi vya kukaanga kwa mkono huu na kuchezea simu kwa mkono ule, na baada ya muda mikono ikasahau zamu zake. Alipoielekeza simu dirishani ili ampige picha dada yake, ambaye ni mkuu wa stesheni ndogo iliyo chini ya dirisha hilo, picha ikatoka na ukungu juu na chini. Katikati tu ndiko kulikoonekana vizuri.

Akaitazama mara mbili. Katika picha ile treni ilikuwa kichezeo cha kuvutwa kwa uzi. Abiria walikuwa punje zilizovalishwa nguo. Na dada yake, mwanamke anayeogopwa na kila dereva wa treni katika njia ile, alikuwa kidoli kilichoshika bendera ya kijani.

Mtu mwingine angeifuta simu. Asali alikwenda kutafuta mafuta zaidi.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Aliwahi kumkodisha mtu benchi la bustani ya umma kwa mwezi mzima, na yule mtu akamshukuru na kumwombea dua. Lakini mwezi huu ulimi ulikuwa umegonga ukuta, na ukuta wenyewe ni Dada. Chumba hiki cha dirishani kilikuwa cha Dada. Asali alikiomba kwa wiki moja, na wiki hiyo ilikuwa na miaka minne sasa. Dada alikuwa ametangaza, bila kupandisha sauti, kwamba mwisho wa mwezi anataka mpangaji anayelipa, na kama Asali hajapata pa kwenda basi atatolewa pamoja na kitanda. Asali akajaribu machozi. Dada akampa leso. Hapo ndipo alipojua kwamba safari hii anahitaji chumba cha kweli, na hana mbele wala nyuma.

Sasa, katika simu ile ile, Asali alikuwa amegundua kundi la watu wanaopenda reli za mfano. Ni watu wazima, wana kazi na heshima zao, lakini wakirudi nyumbani hufunga mlango na kujenga milima, madaraja na stesheni juu ya meza, na katikati yake treni ya urefu wa rula inazunguka. Kila Jumamosi wanafanya maonyesho mtandaoni, kila mtu kwake, wanaoneshana kazi zao kwa video moja kwa moja na kupigiana kura. Siku ya kwanza Asali alimkuta daktari wa meno akieleza kwa sauti inayotetemeka jinsi alivyopaka rangi benchi moja kwa unyoya wa paka. Mioyo myekundu ikamwagika kwenye kioo. Mtu mmoja akaomba kulinunua lile benchi. Tangu hapo Asali hakulala vizuri, maana mtu anayelilia benchi la ukubwa wa njiti ya kiberiti hakuumbwa bure.

Kundi lilikuwa na desturi moja. Kabla ya kura, mwenye kazi lazima aingize mkono kwenye picha na kuigusa treni yake. Waliiita kusalimia. Picha inaweza kudanganya, walisema, lakini ukiuona mkono wa mtu umefunika paa la stesheni, umejua ukubwa wa kila kitu.

Asali hakuwa mtu wa kushindwa na mkono, tena wake mwenyewe. Aliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake akasimamisha kipande cha kioo alichokipaka mafuta ya mgando juu na chini, akanyoosha mkono nje ya dirisha, karibu kabisa na simu. Kwenye picha ukatokea mkono mkubwa kama wa malaika mwenye kazi nyingi, ukishuka kutoka mbinguni juu ya stesheni ya watu. Alifanya mazoezi wiki nzima, mpaka kidole chake kikawa kinatua kwenye paa la behewa la mbele bila kukosea.

Jumamosi saa tisa alasiri, treni ikiwa imesimama na jua limeanza kulala, Asali akaingia maonyeshoni. Kisha mioyo ikaanza. Mwalimu mstaafu aliuliza kwa heshima watu wale wanatembeaje. Asali akasema ni sumaku, chini ya meza, na subira, na kwamba marehemu babu yake alikuwa fundi saa. Babu yake alikuwa anauza mkaa. Lakini mtu anayekipenda kitu huamini haraka, na wale walikuwa wameshapenda.

Hata hivyo, wataalamu ni wataalamu, na kasoro ziliorodheshwa. Mwoka mikate alisema nyasi zile hazina uhalisia hata kidogo. Daktari wa meno aliona kutu ya reli imepakwa kwa pupa. Kuhusu abiria mmoja aliyekuwa akijaribu kuingiza godoro ndani ya behewa, kundi zima lilikubaliana kwamba huo ni mzaha uliopita kiasi na unaharibu kazi nzuri.

Godoro lile nusura liharibu zaidi ya hapo. Asali alishusha mkono, akagusa behewa na kutangaza kwamba sasa anaiondoa treni. Treni haikwenda. Chini, Dada alikuwa ameshika godoro upande mmoja na abiria upande wa pili, wanaelezana. Kidole cha Asali kikabaki hewani, jasho likimtoka, huku akieleza kwamba injini ni ya kizamani na hupenda kubembelezwa. Hatimaye godoro likasalimu amri, Dada akapuliza filimbi, bendera ikapanda na treni ikaondoka taratibu chini ya kidole kile kama iliyotekenywa. Watu walipiga makofi majumbani mwao. Asali akapata kura nyingi kuliko zote.

Aliyeshindwa siku hiyo aliitwa Mzee Behewa, mkongwe wa kundi, bingwa wa miaka yote. Inasemwa hajawahi kununua kitu kwa bei iliyotajwa. Jioni akampigia Asali faraghani.

Asali akaamkia, mzee akaitikia, na baada ya salamu za kutosha mzee akasema kwamba kazi ile ina makosa mengi, ila yeye ana huruma na angependa kumwondolea kijana mzigo. Asali akatabasamu gizani. Akajibu kwamba kazi ile ni kama mtoto wake, lakini dada yake anamfukuza nyumbani, na mtu asiye na pa kuweka kichwa ataweka wapi stesheni? Akashusha pumzi mahali panapostahili.

"Kumbe shida yako ni chumba," alisema Mzee Behewa. "Ninacho. Tubadilishane."

Akamwonesha kwa video pale pale. Asali aliona kitanda chenye blanketi la mistari, kabati, meza na kiti chake, taa inayowaka, na dirisha lenye pazia la bluu linalopepea kidogo. Chini ya kitanda palikuwa na ndara mbili zimepangwa vizuri, kama zinamsubiri mtu. Ni zile ndara zilizommaliza, na hilo halikuwa la kuigiza.

"Sitaki kukudanganya, mwanangu, ni kidogo," alisema mzee.

Asali akasema udogo si neno kwa mtu aliyezoea shida. Akauliza kama majirani wana kelele, akaambiwa hawana kabisa. Akauliza kama mlango unafungwa, akaambiwa funguo ipo, mpya, haijawahi kutumika. Aliuliza mpaka habari ya mbu. Mtu mjanja huuliza kila kitu ambacho yeye mwenyewe angekificha, isipokuwa kile kimoja alichokificha juzi.

Wakapatana hivi: siku ya kukabidhiana, Asali aende karakana ya mzee akachukue funguo kwa mke wake, na mzee aje mwenyewe kwenye chumba cha Asali kuichukua stesheni, kwa sababu hataki mtu mwingine aiguse. Asali alikubali upesi mno. Alipiga hesabu kwamba mzee akifika na kukuta meza haipo na sumaku hazipo, yeye atakuwa ameshajifungia ndani ya chumba chake, na kumtoa mtu ndani ya chumba si kazi ndogo. Miaka minne ilikuwa ushahidi.

Asubuhi ya siku hiyo alivaa shati jeupe, akafunga sanduku, akashuka stesheni kumkabidhi Dada funguo mbele ya abiria. Alitoa hotuba fupi. Alisema kuna watu hawaoni thamani ya ndugu mpaka aondoke, na kwamba hatarudi hata akiletewa treni mlangoni.

Dada akamsogelea. "Umepata chumba kweli, au unanitania?"

"Changu mwenyewe, Dada. Nimekiona kwa macho yangu."

Dada akamshika sikio kidogo, kama alivyokuwa akimshika utotoni kabla ya kumpeleka shule, akaingia ofisini na kutoka na shuka mpya mbili. Asali aliona aibu. Akazipokea, akaondoka haraka.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vioo, inanuka gundi na rangi. Mke wa Mzee Behewa, mama mwenye miwani minene na vidole vyenye madoa ya bluu, alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia chumba chake kiko tayari.

"Kiko upande gani, mama?"

"Hapo mezani, mwanangu. Angalia kiwiko."

Juu ya meza kulikuwa na chumba. Kitanda chenye blanketi la mistari, kabati, meza na kiti chake, taa inayowaka, vyote ndani ya kitu cha ukubwa wa boksi la viatu, na juu hakina dari. Mama akapuliza kidogo, pazia la bluu likapepea. Kisha akamkabidhi funguo iliyofungwa kwa uzi mwekundu, akamwomba asiidondoshe, maana ni ndogo kuliko punje ya mchele na ile ya kwanza ilipotea hivyo hivyo.

Asali alikaa kwenye kigoda. Shuka zilikuwa mapajani mwake, na moja tu ingetosha kufunika mtaa mzima wa vyumba kama kile.

"Mzee aliniambia hukumwomba aingize mkono chumbani," alisema mama kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. "Wewe alikuona siku ile ile. Kila kitu kwenye stesheni yako kilikuwa na kivuli, hata godoro. Mkono wako ulishika treni, na juu ya treni hakukuwa na kivuli chake." Akamtengenezea kola ya shati. "Ndara umezipenda? Nilizitengeneza mimi."

Asali, bila uongo wowote, alisema amezipenda.

Alirudi nyumbani na sanduku, shuka na chumba chake kwapani, akipanda ngazi huku akitunga uongo wa kuokoa maisha. Hakupata nafasi ya kuutumia. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Behewa alikuwa amekaa dirishani, miguu juu ya ndoo, chupa ya chai pembeni, anaitazama stesheni kama mtu anayemtazama mjukuu.

"Shikamoo," alisema Asali.

"Marahaba. Nimeshachukua changu. Nyasi ni nzuri kuliko nilivyodhani."

Dada alikuwa mlangoni, ana pesa za kodi mkononi. Alieleza kwamba mzee alikuja kudai dirisha alilobadilishana na Asali, yeye akamwambia dirisha lake haliuzwi wala halibadilishwi ila linapangishwa, na mzee akalipa bila kuomba kupunguziwa, kitu ambacho watu wa kundi lake wasingekiamini. Kisha akakitazama kile chumba chenye pazia la bluu kwapani mwa mdogo wake, akaingiza kidole, akagusa ndara. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia alisema stesheni ina stoo ya mafagio, na ndani yake kuna kitanda, na anayelala humo ndiye anayefagia.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa, Asali alikuwa anafagia jukwaa akiwa na sare iliyoshonewa mtu mnene. Chumba chake alikuwa amekiweka kwenye rafu ya stoo, na usiku huiwasha ile taa, wala hamwambii mtu. Simu ikatikisika mfukoni. Maonyesho yameanza. Akafungua, akaiona stesheni, akaona treni imesimama, akamwona Dada na bendera yake, na karibu na nguzo akaona kidoli chenye fagio kimeinamia simu.

Mioyo ilikuwa inamwagika. Mwoka mikate alisifu nyasi mpya. Ila daktari wa meno hakuridhika. Kile kidoli cha fagio, aliandika, kimezidishwa huzuni, na sare haikikai. Mtu wa kweli hawezi kufagia hivyo. Mwalimu mstaafu akamuunga mkono, akashauri kiondolewe.

Mzee Behewa akajibu kwamba wamesema kweli. Pale pale, kwenye kioo cha simu, mkono mkubwa ukaanza kushuka kutoka juu, taratibu, vidole viwili vimefunguka, ukielekea moja kwa moja kwenye kichwa cha kile kidoli.

Asali, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani jinsi mkono ule unavyotengenezwa, aliinama.