Wikendi Mbili kwa Mpigo Mmoja

Wattaya, Maskati
Jumatatu, Aprili 2004

Kwa Bwana Sleyum, Mkuu wa Ofisi ya Safari, Ruwi

Mheshimiwa mwanangu Sleyum,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila mie roho yangu si nzima, na sababu ni wewe. Natumai mama yako Mahbuba maumivu ya miguu yamempungua. Nnakwandikia rasmi, kwa karatasi ya mistari, kwa vile kila nikipiga simu naambiwa una mteja. Mteja mwenyewe ni mwanangu.

Nimepata khabari kwamba umemkatia Marwan na mkewe Ghadeer tikiti za kwenda Bordo, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu, kwa kile ambacho karatasi yako ya rangi inakiita wikendi ya kifakhari kwa wawili. Karatasi hiyo nnayo. Nimevaa miwani nikaisoma yote, na malalamiko yangu nayapanga kwa nambari, usije ukasema Bi Khole kapayuka.

1. Wikendi ya nchi hii ni Alkhamisi na Ijumaa. Wikendi ya Wafaransa, nimeulizia, ni Jumamosi na Jumapili. Wewe umewapa kuanzia Alkhamisi asubuhi mpaka Jumapili usiku. Hizo ni wikendi mbili kwa mpigo mmoja, yetu na yao, kwa watu wawili tu. Ijumaa baada ya sala wanangu wote hula kwangu, tangu baba yao yu hai. Nani kakupa rukhsa ya kuigawa Ijumaa yangu? Jumamosi ya Wafaransa ningewaachia wenyewe, mie si mchoyo.

2. Wawili. Wawili na nani? Sisi tulipotoka Unguja tulikuwa kumi na mmoja. Tukenda Salala wakati wa mvua tunakwenda kwa magari matatu, na masufuria yetu. Ghadeer kaolewa nyumbani kwangu, wanakaa juu na watoto wao, na milango hatufungi. Kama wana la kuzungumza, si wazungumze? Mie mwenyewe nishawasaidia mazungumzo mara nyingi. Chumba chenyewe nimekiona pichani: kitanda kimoja, na sakafu tupu ya kutosha kutandika magodoro sita! Dada yangu Rahila hana neno, hulala popote.

3. Hayo mashamba. Imeandikwa kuwa mgeni atakaa barazani akitazama mizabibu. Atazame tu! Nimetafuta pahala palipoandikwa kuwa atakula zabibu, sikupaona. Zinakamuliwa zikafanywa mvinyo, astaghfirullah, na asiyekunywa hupewa maji ya zabibu kwa gilasi yenye mguu mrefu, asionekane mpweke. Jabal Akhdhar, hapa hapa Omani, mizabibu ipo, watu wetu wapo, na ukimaliza kuzitazama zabibu unazichuma.

4. Pipa. Hapa ilibidi nikae chini. Imeandikwa kuwa mgeni hutiwa ndani ya pipa la maji ya moto, akasuguliwa kwa kokwa za zabibu zilizosagwa, ngozi ilainike. Sleyum, liwa ya kulainisha ngozi nnayo. Singo natwanga kwa mkono wangu, na huyo Ghadeer nilimsinga mwenyewe alipokuwa bibi harusi, akang'ara, watu wakasema mashallah. Nikampigia maalim kumuuliza kama maji ya pipa la mvinyo yanajuzu kuogewa. Akauliza kama na wanaume nao huogeshwa.

5. Hili ndilo khasa. Hawakuja kuniaga. Kwetu msafiri huzunguka kwa wakubwa wake nyumba kwa nyumba, hata akiwa anakwenda Dubai kununua matairi, na wakubwa humwombea dua. Hawa kimya. Nimeyasikia kwa mama yako, msibani, mbele ya wanawake chungu nzima, na kikombe cha kahawa mkononi, nami nikajifanya najua. Nikasema eeh, mie ndo niliyewaambia wende wakapumzike. Uongo, msibani, kwa ajili ya karatasi yako! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu siku hiyo nimenuna, na Marwan akinisalimia naitikia kwa kichwa.

6. Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, moja katika haya. Uifute safari. Au uihamishie Jabal Akhdhar, siku ya Jumamosi, ambapo Marwan yuko kazini. Au hao wenye hoteli waniandikie mie mwenyewe, kwa Kiswahili ama kwa Kiarabu, wanieleze mtu na mkewe wana lipi la kufanya siku nne lisiloweza kufanyika mbele ya mama.

Nisalimie mama yako, mkeo, wanao wote, na yule bwana anayepokea simu na kusema una mteja. Rahila anakusalimu, na anauliza kama huko Bordo ni baridi.

Mimi ninayengoja jawabu, na sichoki kungoja,

Bi Khole, mama yake Marwan

Nyongeza. Bahasha sijaifunga, Marwan kaingia. Kasema Mama, tumeiacha safari, usinune tena, Ijumaa tupo. Nikasema alhamdulillah. Ghadeer alikuwa nyuma yake. Akatabasamu kwa adabu, akenda jikoni kumenya kitunguu thomu. Nilipomfuata nikamkuta kaiinamia ile thomu, na kisu hata hajakishika.

Sleyum, mie na marehemu tumekaa miaka thalathini, nyumba imejaa watu. Alipolazwa hospitali, daktari aliwatoa jamaa wote, akaniacha mie tu. Ikawa mara yetu ya kwanza kuwa wawili. Nikatafuta la kumwambia, wallahi, sikulipata. Nikamuuliza kama kala. Akasema kala. Tukanyamaza hivyo hivyo mpaka nesi alipokuja.

Basi usifute kitu. Watoto nitakaa nao mie. Mwambie Marwan tikiti hizi zikishakatwa hazirudi, lazima wende. Akikuuliza nani kasema, mwambie Wafaransa.