Wakaaji Tisini na Saba Wasio na Kibali Ndani ya Kompyuta Yangu

Mbwana Mwero,
Nyumba ya tatu kutoka msikitini,
Msambweni.

Kwa Bi Dama Menza,
Naibu wa Chifu.

KUH: OMBI LA KUWAHAMISHA WAKAAJI WASIOANDIKISHWA

Mheshimiwa Bi Dama,

Assalaam alaykum. Nakuombea afya, na goti lako lililokuwa likikusumbua natumai limepata nafuu. Mimi ndiye yule Mbwana aliyekuwa msimamizi wa dobi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka thelathini na moja, na ambaye mwaka jana alikuletea malalamiko kuhusu punda. Punda ametulia, ahsante.

Safari hii jambo ni zito zaidi. Ndani ya kompyuta yangu ya nyumbani mnakaa watu tisini na saba ambao sikuwaalika, siwajui kwa majina, na wanakula. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa nambari ili karani wako asipate tabu.

1. Kompyuta hii nilipewa na hoteli siku ya kustaafu. Zamani nilikuwa nikiiwasha, nikinywa kahawa kikombe kimoja, inakuwa tayari. Siku hizi naiwasha, natawadha, naenda kuswali, narudi, nayo ingali inazungusha kile kiduara chake. Nilimwita fundi Japheth kutoka Ukunda. Ni kijana wa bara, mpole, ila Kiswahili chake kina mashimo. Alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ikatokea orodha ndefu, nikahesabu mistari tisini na saba, akaniambia: "Mzee, kumbukumbu ya mashine imejaa. Kuna programu mob, nyingi sana, zinakula huko nyuma."

Nikamwuliza nyuma wapi. Akasema nyuma tu, hazionekani.

Bi Dama, kazi za nyuma mimi nazijua. Miaka thelathini na moja nilifua mashuka ya wageni ambao hawakuwahi kuniona uso. Lakini sisi wa nyuma tulikuwa na lango letu, tulitia sahihi asubuhi na jioni, na meneja alijua kila siku tumekula sahani ngapi za wali. Hawa wangu hawana lango, hawana daftari, na sahani zao hazihesabiki.

2. Niliomba kuwahoji mmoja mmoja. Wa kwanza ni mhudumu wa mashine ya kuchapia. Mashine yenyewe niliwapa madrasa miaka mitano iliyopita. Yeye kabaki, anaamka kila siku kabla yangu, anaingoja. Nilimwuliza Japheth, huyu anafanya kazi gani? Akajibu: "Anasubiri."

3. Kuna walinzi wawili. Mmoja alikuja na kompyuta, wa pili aliwekwa na binti yangu Mwanarusi baada ya kusikia habari za virusi. Kila mlinzi anamshuku mwenzake kuwa ndiye mwizi, basi kutwa kucha wanapekuana mifuko. Mwizi wa kweli akija atawakuta wamechoka.

4. Kuna mmoja ambaye kazi yake ni kunieleza hali ya hewa. Ananiambia kuna jua. Mimi nimeketi ndani ya jua hilo, shati limenigandama mgongoni, na yeye anakula kumbukumbu yangu ili anipashe habari hiyo.

5. Mwingine Japheth alimfukuza mbele ya macho yangu. Kabla hatujafuta jasho alikuwa amekwisha kurudi, jina lilelile, mahali palepale, ameongeza na mwenzake.

6. Sasa nafikia lililonifanya nishike kalamu.

Mwanarusi ameposwa na kijana wa Mkwiro, Iddi, fundi wa mashine za boti. Msemaji wa ukoo wao ni babu yake, Mzee Amin, ambaye amevunjika mguu na hawezi kuvuka maji. Tukakubaliana tuonane kwa picha: wao kwa simu yao kule kisiwani, mimi kwa kompyuta yangu hapa. Nilivaa kanzu mpya. Mke wangu Fauzia alinisihi nisiseme mengi. Nilimwambia baba wa binti hana budi kusema.

Tukasalimiana vizuri. Mzee Amin akauliza, kwa adabu kabisa, kama tumeridhia. Nikafumba macho, nikainua mkono, nikaanza.

Nilisema kwa dakika kumi na mbili. Nilieleza kwamba Mwanarusi ni mwalimu na sitaki azikwe kisiwani kuchambua dagaa. Nilieleza kwamba Iddi hucheka kabla ya kumaliza kisa chake mwenyewe, jambo ambalo katika ndoa ni mateso ya miaka mingi. Nilimkumbusha Mzee Amin jinsi alivyosinzia katika hitima ya marehemu baba yangu hadi akakoroma. Nikamaliza kwa kusema kwamba jibu langu, kwa leo, ni hapana.

Nilipofumbua macho, Mwanarusi alikuwa amesimama mlangoni, na picha ya kule Mkwiro imekatika. Japheth alipokuja kuchunguza alisema kumbukumbu ilijaa pale nilipoanza tu. Wale watu wa nyuma walikuwa wameimaliza yote. Kwa hiyo wakwe waliniona nimeganda, macho nimefumba, mkono juu, na hawakusikia hata neno moja.

Tangu siku hiyo Mkwiro kimya. Leo ni siku ya tisa. Fauzia anasema wameona tumewadharau. Mwanarusi ananiwekea chai, anarudi chumbani, na jana nilimsikia akilia huku amefungulia redio ili nisisikie. Hotuba yangu ilikuwa kali, nakubali, lakini ilikuwa haki yangu isikiwe, na wao waijibu, na mimi nilainike kidogo kidogo kama ilivyo desturi. Haki hiyo imeliwa.

7. Kabla ya kukusumbua wewe nilijaribu kujisaidia. Japheth alinifundisha kanuni: usichokitumia sasa hivi, kifunge. Nikaona hekima yake ni pana, nikaanza na nyumba. Jogoo wa pili nilimtoa. Kisha nikamwendea shemeji yangu Sanga, aliyekuja kwetu kwa matanga ya siku tatu miaka miwili iliyopita. Nilimwuliza, shemeji, kwa sasa unafanya kazi gani? Akanijibu kwa utulivu: "Nasubiri."

Unaona, Bi Dama, ugonjwa umeanza kutoka ndani ya mashine.

Nilimwuliza Fauzia swali lilelile akiwa jikoni. Alifunga chakula changu cha jioni. Nimekula mkate siku mbili.

8. Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Uwaandikie hawa tisini na saba barua ya kuhama, yenye muhuri. Mzee wa nyumba kumi aje awahesabu. Watakaodai wana kazi waje barazani waithibitishe mbele ya watu, na atakayesema anasubiri ahesabiwe pamoja na shemeji yangu. Na yule anayerudi baada ya kufukuzwa apelekwe Mackinnon Road, apandishwe lori lolote linalokwenda mbali. Ikiwa sheria haijawafikia watu wa aina hii, basi naomba kata yetu ndogo iwe ya kwanza kuitunga.

Nisalimie mzee wa nyumbani, watoto, karani wako Caroline, na askari wa lango la ofisi ambaye safari iliyopita alinipa kiti. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa kwa hayo.

Wako mtiifu katika kuishi kwa utaratibu,

Mbwana Mwero

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, wakaingia kina mama wawili kutoka Mkwiro na sinia limefunikwa kitambaa. Wametumwa na Mzee Amin. Wanasema kule walikuwa wameonywa kwamba mimi ni msemaji na kwamba wachumba wawili nimekwisha kuwafukuza kwa mdomo. Walipoona nimefumba macho na kuinua mkono kwa dakika kumi na mbili bila neno, walijua nimeridhia, naomba dua. Babu yao alilia. Siku tisa zote walikuwa wakimtafutia Mwanarusi nafasi katika shule ya upande wa bara, ili Iddi ndiye ahamie huku. Mwanarusi amecheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo, Bi Dama, usimfukuze mtu. Nikiwa naandika, Japheth alikuwa amekwisha kuwafunga sitini na mmoja. Tumemwita awarudishe wote, hata yule wa hali ya hewa. Barua nakuletea hivyohivyo kwa kuwa imeshaandikwa. Mzee Amin ameomba siku ya arusi niseme machache kwa njia ileile ya picha, na Fauzia amemwambia Japheth aongeze wengine kumi.