Presha ya Hajia Rukiyo

Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na sita Yahye alikuwa ameegemea ukuta wa duka moja la dawa mjini Garissa, akitafuta wa kumnunulia chai, aliposikia wazee watatu mfululizo wakiuliza dawa ya presha na wote watatu wakiambiwa imekwisha. Chai akaisahau. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku alilouziwa kwa bei ya kutupa na Alio, muuza vyuma chakavu. Lilikuwa limejaa pete za kila namna, na juu ya kifuniko, katikati ya maandishi marefu ya Kizungu, lilikuwepo neno hilohilo: presha.

Zilikuwa gasketi. Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuchafua mikono, gasketi ni kile kitu kinacholala kati ya vyuma viwili vinavyofungwa kwa boliti. Vyuma hivyo, hata ving'ae vipi, havikutani sawasawa. Vina mikwaruzo na vibonde, na mvuke ukiona upenyo hauombi ruhusa. Gasketi hukubali kubanwa ili ivijaze. Ziko laini, za mpira au nyuzi, kwa presha ndogo. Ziko za mchanganyiko, ukanda wa chuma ulioviringwa pamoja na nyuzi, kwa presha ya wastani. Na ziko za metali tupu kwa presha ya kuua mtu. Yote hayo yalielezwa katika kijitabu ndani ya sanduku. Yahye alibadilisha jambo moja tu: kila palipoandikwa mtambo, yeye alisoma mzee.

Kufikia adhuhuri alikuwa sokoni, kijitabu mkononi, akishika wazee vifundo vya mikono na kukunja uso kama daktari mwenye habari mbaya. Mzee Bare, mfugaji aliyekuwa na sauti kubwa kuliko kundi lake, alipimwa na kuambiwa yake ni ndogo, ya mpira. Alikasirika sana.

"Mimi bresha yangu iko ya mbira?" aliuliza, kwa ule ulimi wa kwao unaogeuza kila p kuwa b. "Huyu jirani yangu umembea ya chuma, na yeye ana mke mmoja tu."

Yahye akapima upya, akaomba radhi, akamvisha ya shaba mkononi kama bangili ya dawa. Tangu hapo hakuna mzee aliyekubali kuwa na presha ya mpira. Malipo yalikuwa mbuzi mmoja kwa pete moja, na katika siku tano Yahye alikuwa na mbuzi ishirini.

Mbuzi hao hawakuwa wa mchezo. Baba yake Kaaha, kule Banissa, alitaka mahari ya mbuzi ishirini na ngamia jike mmoja, la sivyo binti angeozwa mwenye lori mmoja wa Mandera. Yahye alimpenda Kaaha kweli. Hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi. Alibakiza ngamia tu, na sandukuni zilibaki zile pete kubwa za shaba, upana wa sahani, ambazo hata Mzee Bare hakuona pa kuzivaa.

Ndipo Hajia Rukiyo, mwenye kiwanda cha sabuni pale mtaa wa Galbet, alipomtumia ujumbe kwamba presha inamsumbua, tena kubwa, na kwamba angezichukua zile pana zote kwa ngamia jike mwenye maziwa. Yahye alinyoa ndevu, akavaa koti, akabeba sanduku, akaenda.

Alikuta uani wazee watano, Bare akiwa mbele, wote na shaba zao mkononi. Hajia alisema amewaita wawe mashahidi wa biashara. Ngamia alikuwa pale pale amefungwa, mnene, na Yahye alimtazama mpaka macho yakamlowa.

"Eedo, shangazi yangu, wewe presha yako ni ya metali tupu," alisema. "Nimeiona tangu mlangoni."

"Naam, iko nyuma ya nyumba," alisema Hajia. "Njoo uione."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na boila, pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke. Lilikuwa limesimama wiki mbili kwa kuvuja kiungoni, na mafundi wa Nairobi walikuwa wakingoja msafara wenye polisi ndipo waje, kwa kuogopa majambazi wa barabarani. Mursal, fundi wa Hajia, alimpokonya Yahye pete moja, akasafisha nyuso za kiungo, akaiweka, kisha akakaza boliti zinazokabiliana, mbili mbili, kidogo kidogo, bila haraka wala salamu. Moto ukawashwa.

"Mnadani mwenye kuuza hushika kamba ya mnyama mbaka mnunuzi aridhike," alisema Hajia. "Sasa wewe keti haba kando ya kiungo, shika kamba yako."

Mashahidi walikuwa wamewafuata na kukaa kwenye mlango wa kutokea, na hakuna aliyeonekana kutaka kusogeza miguu. Yahye aliketi. Mshale wa geji, ile saa ya kupimia presha, ukaanza kupanda. Alijua mvuke huufanyia nini uso wa mtu, na alijua jambo baya zaidi: zile pete zilitoka kwa Alio, aliyemwapia kwamba ni halisi, na Alio hakuwahi kuuza kitu halisi tangu azaliwe. Mshale ulipofika nusu, alikuwa amelowa jasho mpaka viatuni.

"Eedo, zima moto," alisema. "Wallahi ni takataka. Zote. Hata hizo mikononi mwa wazee ni takataka. Mbuzi wenu ninarudisha wote, niacheni nitoke hapa."

Wazee walisimama pamoja. Hajia akamwomba arudie, ili kila mtu asikie, na Yahye akarudia, tena kwa kiapo. Ndipo akaachiwa, akakimbilia ukutani. Mursal hakuzima moto. Mshale ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu, ukatulia pale, na kiungo hakikutoa hata tone.

Yahye alitazama kiungo, kisha, kupitia mlangoni, akamtazama ngamia.

"Eedo, kumbe ni nzuri," alisema polepole. "Basi biashara yetu ipo."

"Umeaba mbele ya watu watano kwamba ni takataka," alisema Hajia. "Mimi nalibia takataka na ngamia? Acha habo sanduku, nitakusaidia kutuba."

Wazee nao walivua shaba zao kwa hasira na kuzitupa chini, na Mursal akaziokota moja moja, akisema zinafaa kwenye mabomba madogo.

Alasiri ile Yahye aliswaga mbuzi ishirini kupitia Galbet, akimrudisha kila mmoja kwa mwenyewe, na moyo ulimuuma kila mlango ulipofungwa. Wa mwisho ulikuwa wa bibi mmoja, Maka. Alimpokea mbuzi wake, kisha akanong'ona kwamba kichwa kinamgonga tangu asubuhi, je, hakubaki na pete hata moja iliyo bora kuliko yake?

"Hazitibu kitu, hooyo, mama yangu," alisema Yahye. "Nenda hospitali ukapimwe."

Maka akatikisa kichwa.

"Tabeli wewe," alisema. "Zile nzuri umebelekea matajiri."